Gemu Mpya, Treni Ileile

Kijana kanunua gemu mpya kwa hela ya kodi. Ikapakuliwa usiku kucha, ikataka ajisajili, kisha ikaanza kumfundisha kutembea. Nusu saa haijafika, kazima. Sasa yumo kwenye GTA: San Andreas ya mwaka 2004, anaifukuza ile treni, mhusika Big Smoke kapakiwa nyuma ya pikipiki, risasi zote zinaishia hewani. Misheni hiyo anaijua kuliko njia ya kwenda kwa shemeji yake, na bado anafeli! Watengeneza gemu Bethesda hawashangai watu kurudia ya zamani: gemu yao Skyrim ya 2011 waliirudisha sokoni 2016, wakairudisha tena 2021. Na wewe uliyeinunua mara zote tatu, tuondolee malalamiko kwamba siku hizi hawabuni kipya.