Kwa Heshima ya Masaa

Nani amewahi kumtungia utenzi Mheshimiwa Masaa? Mwalimu humchorea mstari mwekundu, mhariri humkata kichwa abaki saa tupu, na kesho yake utamkuta kituo cha daladala, mzima wa afya, akihesabiwa na abiria waliochoka kungoja. Mtumishi wa umma wa namna hii, asiye na mshahara wala kibali, anastahili nishani.

Tazama kazi yake. Ukisema "nilikungoja saa tatu", mwenzio hajui kama ulifika asubuhi ukapita, au ulisimama pale mpaka ukaota mizizi. Sarufi inakutaka useme "kwa muda wa saa tatu", maneno mengi mno kwa mtu mwenye hasira. Masaa anamaliza shauri kwa silabi moja: saa tatu ni ya ukutani, masaa matatu ni ya moyoni. Kadi ya harusi huandika saa 12 jioni. Maharusi huingia ukumbini baada ya masaa. Na subira ikikatika kabisa anakuja kaka yake mkubwa, Lisaa Lizima, ambaye hata walimu humtumia wakidhani hakuna anayewasikia.

Wanaomshitaki wanasema saa ni ya ngeli ya I-ZI, wingi wake haubadiliki. Kweli. Lakini rafiki naye alitoka Uarabuni bila ma-, na leo ana marafiki mpaka kwenye hotuba za serikali. Mkosaji mkuu ni kitabu. Ki- yake ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, si kiambishi hata kidogo. Wahenga wakaisikia kama ile ya kiti, wakasema vitabu, na sasa sheria za sarufi zinachapwa ndani ya vitabu hivyo hivyo. Kipilefti cha barabarani, amri ya Kiingereza ya kuwataka madereva wabaki kushoto, nacho kimezaa vipilefti.

BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, lipo tangu 1967, na Masaa bado yupo. Sheria ya Tanzania ya 2015 inasema dawa za kulevya. Mtaani watu wanakamatwa na madawa.

Sisemi kila kosa lipewe kiti. Aidha ya watangazaji, ile ya "aidha uje, aidha ubaki", mimi siisifu. Ilikuwa na kazi yake njema ya kusema "vilevile", na "ama" tulikuwa nayo tayari, ambayo sasa inazurura bila ajira. Masaa hakumpokonya mtu kazi. Alikuta nafasi wazi, akakaa.