Sifa za Soda ya Bure

Lucian wa Samosata alimsifu nzi, na mpaka leo anasomwa. Kwetu huku washairi wamewasifu masultani, warembo, mnazi na hata tembo la huo mnazi, lakini sijaona aliyejitolea kukisifu kikombe kidogo cha plastiki kinachogawiwa bure nyuma ya lori la matangazo katika barabara ya Embu na Meru. Kimeonewa vya kutosha. Leo nasimama kukitetea.

Tuanze na nasaba, maana hakuna sifa bila ukoo. Soda ya bure haikuokotwa. Mfamasia John Pemberton alitengeneza Coca-Cola mjini Atlanta, Marekani, mwaka 1886, na haikuchukua muda watu wakaanza kugawiwa vijikaratasi: lete karatasi, unywe glasi moja bila kulipa. Kwa makadirio ya kampuni yenyewe, kati ya 1894 na 1913 zilinywewa bure glasi milioni 8.5, sawa na Mmarekani mmoja katika kila tisa. Kenya kinywaji hicho kiliingia 1948. Kwa hiyo yule makanga wa steji ya Embu anayenyoosha mkono juu ya vichwa vya wenzake asiitwe mwombaji. Ni mrithi anayedai haki yake.

Msafara hutoka Nairobi, ukapita Thika, ukakata kona Makutano, ukapenya mashamba ya mpunga ya Mwea, ukapanda hadi Embu. Kuanzia hapo ni Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu, Meru mjini, na bajeti ikiruhusu, Maua. Lori lina ubavu unaofunguka ukawa jukwaa, spika mbili za kimo cha mtu, jenereta, na emsii. Huyu emsii ndiye kuhani wa ibada nzima. Huwa kijana wa Nairobi mwenye miwani ya jua na sauti iliyokwaruzika tangu mji wa kwanza. Akifika Embu hupiga kelele: "Meru mko?" Embu nzima hunyamaza. Fundi wa mitambo humvuta shati, emsii akajirekebisha, watu wakamsamehe kwa sababu chupa zimeshaanza kufunguliwa. Akifika Chuka huwaita watu Wameru, na hapo angeweza kupigwa, lakini hiyo ndiyo fadhila ya kwanza ya soda ya bure: mtu aliyejaza soda mdomoni hawezi kukufundisha mipaka ya kaunti yake ya Tharaka Nithi.

Fadhila ya pili ni kwamba haijali majira. Huko matangazo haya yalikotungwa, vinywaji hugawiwa wakati wa kiangazi, watu wakiwa wamevaa kaptura na jua halizami mpaka usiku. Sisi hatuna kiangazi hicho. Tuna likizo za shule, na likizo ya Agosti hukuta Chogoria imejikunyata chini ya Mlima Kenya, ukungu haujaondoka saa nne asubuhi na rasharasha inanyesha kwa ukaidi. Lori limechorwa minazi, mchanga mweupe na mawimbi. Wasichana wa promosheni wamevaa kaptura kama walivyoamriwa, mapaja yamewatoka vipele vya baridi. Walio mbele yao wamevaa makoti mazito na kofia za sufu zilizoshuka hadi nyusi. Na foleni ipo, tena ndefu.

Hapo utamsikia bibi mmoja akitoa ombi ambalo hakuna ofisi ya matangazo iliyowahi kulifikiria.

"Mwanangu, mimi nipe ya moto."

"Shosho, ziko baridi peke yake."

"Basi lete, nitaishika."

Soda ya moto, kwa msomaji asiye Mkenya, ni ile ambayo haijaingia kwenye friji, na ina wafuasi wake wa kudumu, hasa wenye meno mabovu na vifua vinavyobana. Bibi alikifunika kikombe kwa viganja vyote viwili chini ya leso, akaendelea na mazungumzo na jirani yake kuhusu bei ya majani chai. Alipokumbuka kunywa, gesi ilikuwa imeshakwenda zake, imebaki sukari na rangi. Akasema ni tamu. Kampuni hutumia fedha nyingi kutafiti ladha. Hapo palikuwa na jibu, na hakuna aliyeandika.

Juu ya ukubwa wa kikombe wapo wanaolalamika. Nami nakiri kwamba hakikipiti sana kile cha kupimia dawa ya kikohozi. Lakini wanaolalamika hawaelewi povu. Chupa ya lita mbili iliyoteremka mteremko wa Nithi, ambao madereva huupita wakisali, haimiminiki kwa utulivu. Msichana akiinamisha chupa, povu hujaa hadi ukingoni na kuzidi. Wewe huona kikombe kimefurika, moyo unafurahi. Kisha povu linashuka polepole, na chini inabaki soda ya kina cha kidole. Furaha umeipata nzima kwa gharama ya robo. Na upande wa afya, kikombe hiki ni daktari. Soda ya kawaida ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai. Hii ya bure haifikishi hata viwili. Mwenye kisukari amekingwa, ilimradi asizunguke nyuma ya lori, akavua kofia na kurudi kwenye foleni akiwa mtu mpya, jambo ambalo watu wa Runyenjes wanalifanya kwa ustadi mkubwa.

Tusisahau usawa. Mheshimiwa katika nchi hii hapangi foleni hospitalini, hapangi barabarani, na hata kanisani amewekewa kiti cha mbele. Mbele ya soda ya bure nimeona naibu chifu akisimama nyuma ya mchuuzi wa soksi, na nyuma yake mwalimu mstaafu, na nyuma ya mwalimu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chuka waliokuja na chupa tupu mifukoni, kwa sababu elimu lazima isaidie.

Bure yenyewe, hata hivyo, haipatikani kwa kulala. Lazima ujibu swali, utamke kauli ya kampuni mara tatu, kisha ucheze. Mzee wa kanisa, mtu ambaye kwenye arusi ya mwanawe alikataa kusimama, atakatika kiuno jukwaani Nkubu kwa ajili ya tisheti. Kijana mwenye kamera humzunguka. Picha ile itapelekwa Nairobi na kuwekwa kwenye ripoti, karibu na tarakimu ya watu "waliofikiwa". Mzee amefikiwa. Hajalipwa hata senti, na kampuni imeokoa mshahara wa mwigizaji. Niambieni ni biashara gani nyingine humwacha kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye aliyepata kitu bila jasho.

Wateja waaminifu kuliko wote hawahitaji hata kuchezeshwa. Embu, hasa Mbeere, ni nyumbani kwa muguka, majani ya kutafunwa. Igembe na Tigania, huko Meru, ni nyumbani kwa miraa, nduguye. Mtafunaji, shavu limevimba, ulimi umekauka, alijua kazi ya soda miaka mingi kabla ya emsii kuzaliwa. Yeye hupokea kikombe bila neno, hunywa kidogo tu, hukaa nacho kwenye ngazi ya duka saa nzima. Uingereza iliipiga marufuku miraa Juni 2014, na Mei 2024 magavana wa Pwani wakaugeukia muguka, Embu ikawaka moto kwa hasira. Katika kelele zote hizo hakuna aliyeitaja soda inayousindikiza. Sheria nyingine pia zimeipita kando. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 ilizima matangazo ya sigara. Sheria ya 2012 ikakataza kugawa sampuli za maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Soda imebaki barabarani na spika zake, safi, haina kosa, inagawiwa hata kwa watoto waliotumwa chumvi.

Lakini kilele cha fadhila zake hakiko Meru mjini wala Embu mjini. Kiko chini, kwenye joto, lori likiacha lami kuu na kuteremka hadi Ishiara mwezi wa Januari. Huko jua lipo kweli, si la kuchorwa. Na huko, Mbeere na Tharaka, Januari ni mwezi wa maembe. Yanaiva yote kwa mpigo, miti inainama, na dalali anakuja na gari lake na bei yake ya shilingi chache kwa embe, akijua fika kwamba embe halimngojei mtu. Yasiyochukuliwa huanguka, na nzi hufanya karamu. Kenya ilisimamisha kuuza maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, ikarudi sokoni 2021. Lucian angefurahi kusikia mteule wake amefika mbali hivyo.

Si kwamba wakubwa hawakujua. Mwaka 2010 Coca-Cola, wakfu wa Bill na Melinda Gates na shirika la TechnoServe walianzisha mradi wa dola milioni 11.5, uliolenga wakulima 50,000 wa maembe na pasheni nchini Kenya na Uganda, ili matunda yao yaingie kwenye juisi za viwandani. Nia njema, siibezi. Ila lori linapofika Ishiara mbele yangu halibebi hesabu hiyo. Limebeba kinywaji cha rangi ya chungwa iliyokolea, chenye picha ya embe kubwa kwenye lebo, na maji na sukari vikitangulia kwenye maandishi madogo.

Kando ya barabara ameketi mama na ndoo tatu za maembe ya kweli. Muziki unaanza. Mama anamwachia mtoto ndoo, anavuka barabara, anapanga foleni jua kali, anapewa kikombe cha embe lisilo embe. Anakunywa, anacheka, anasema limefanana. Wakati huohuo dereva wa lori na fundi wa mitambo, ambao hawajagusa kinywaji chao tangu Nairobi, wamevuka barabara kinyume chake na wameinama juu ya ndoo zake. Mama anarudi mbio. Wanataka ndoo mbili. Anataja bei. Wale wagawaji wa bure, wenye lori lililojaa ukarimu hadi paani, wanamwomba apunguze shilingi hamsini.

Na alipunguza! Alikuwa ameshakunywa kwao, angewanyimaje?

Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la kimila la Wameru, wangelielewa jambo hilo upesi. Kwa mila za Meru, marwa, pombe ya kienyeji, haikunywewa ovyo: aliyekunywa kwako kesi yako amesikia, posa yako ameijua, na kesho hawezi kujifanya mgeni. Soda imekuja na heshima hiyohiyo, kwani siku hizi hakuna mahari yanayokwenda kwa wakwe bila kreti zake. Tofauti ni kwamba mzee aliyekunywa marwa alijua amefungwa na nini.

Jioni jenereta linazimwa, ubavu wa lori unafungwa, minazi inaondoka. Uwanja unabaki umetapakaa vikombe. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na kikombe, asanteni wanasheria, si mfuko. Msikilalamikie. Subirini mama anayeuza njugu karibu na steji. Huyo hupita akiokota vile visivyopasuka, huvitia kwenye karai, huviosha kwa sabuni ya unga na kuvianika juu ya ukuta. Kesho yake asubuhi kikombe kilichokuwa na soda ya bure kinapimia njugu za shilingi kumi, zikinunuliwa na yule yule mtafuna muguka. Ukikitazama vizuri utaona nembo ya kampuni bado ipo, na kwa mara ya kwanza kikombe kinapima kitu kinachojaa hadi juu bila povu.

Basi msomaji, likizo ikifika na ukasikia spika zinatikisa mabati ya mji wenu, usijifungie ndani kwa kiburi cha elimu. Nenda. Vaa koti kama ni Chogoria, kofia kama ni Ishiara. Cheza kidogo, sema kauli yao mara tatu, na tisheti uiombe saizi kubwa kwa sababu ile ya wastani haimtoshi hata mtoto wa darasa la sita. Kikombe mpelekee mama wa njugu. Na ukikuta mwenye ndoo za maembe kando ya barabara, mlipe bei aliyoitaja.