Namna ya Kuendesha Shule ya Teknolojia na Lugha za Kigeni Baada ya Kutundika Ubao Getini

Mkuu wa Shule, anza na ufunguo. Kabla ya sare yenye nembo ya kompyuta na kabla ya kumwita mgeni rasmi akate utepe, amua nani atashika ufunguo wa chumba cha kompyuta. Ukikaa kwenye droo ya makamu wako, naye akaenda semina Dodoma, teknolojia yote ya shule imekwenda semina Dodoma. Chonga funguo tatu: mmoja wa mwalimu wa TEHAMA, mmoja wa monita, mmoja wa mwalimu wa Kifaransa. Ukipata fedha za funguo mbili tu, wa Kifaransa asikose.

Kisha toa zile nailoni za kiwandani kwenye skrini. Zitoe leo. Kompyuta isiyoguswa inazeeka sawasawa na inayotumika, na baada ya miaka mitano utakuwa umetunza kwa uaminifu mkubwa mashine ambazo hakuna programu mpya inayokubali kukaa ndani yake. Kibodi zitakufa, herufi A itafutika kwa vidole, kipanya kitang'oka waya. Vyote hivyo ni dalili za shule inayofanya kazi, kwa hiyo weka fungu la vipuri kwenye bajeti na usimfokee mtoto. Kama hofu ni gharama, nunua mashine za bei nafuu. Raspberry Pi ilipotoka mwaka 2012 iliuzwa dola 35, na hadi leo mashine za jamii hiyo zinatosha kabisa kufundishia Python, lugha ya kuandikia programu. Mfumo wake wote unakaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Mwanafunzi akiuvuruga, kadi inafutwa, inaandikwa upya, kipindi kinaendelea. Na bando likiisha usivunje darasa: Kiwix ni programu ya bure inayokuwezesha kuisoma Wikipedia bila intaneti, iwe ya Kifaransa, Kiarabu au Kichina.

Uingereza, upande wa England, waliwahi kulifanya jambo hili la shule zenye utaalamu kwa upana. Mwaka 1994 zilianza sekondari zenye utaalamu wa teknolojia, na mwaka uliofuata zikaja za lugha. Shule ilitakiwa kwanza kuchangisha pauni 100,000 kwa wafadhili, kiwango kilichoshushwa baadaye hadi 50,000, ndipo serikali iongezee. Kufikia 2010 sekondari nyingi mno za England zilikuwa na utaalamu wa kitu fulani. Lakini katikati ya safari hiyo, mwaka 2004, lugha ya kigeni iliacha kuwa somo la lazima kwa waliotimiza miaka 14. Mwaka 2001 karibu wanafunzi wanane katika kila kumi walikuwa wakifanya mtihani wa lugha ya kigeni. Kufikia 2011 walibaki kama wanne. Mbao ziliongezeka, wanafunzi wa lugha wakapungua.

Basi chunga ratiba. Usikipange Kifaransa wakati mmoja na Baiolojia kidato cha tatu halafu ushangae kwamba watoto hawapendi lugha. Anayetaka udaktari ataikimbilia Baiolojia, nawe utabaki na wanafunzi sita na mwalimu aliyekata tamaa. Wala usikipeleke kipindi cha lugha saa nane mchana ya Ijumaa.

Kuhusu lugha zipi, tazama barabara zinazopita karibu nawe. Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu 2022, na malori yanayobeba mizigo yao kutoka bandari ya Dar es Salaam hayahitaji kutafutwa kwa darubini. Kifaransa ni lugha ya majirani. Kichina kinawafaa wanaoagiza bidhaa Guangzhou. Vijana wa Kiwengwa kule Zanzibar wamejifunza Kiitaliano ufukweni, bila shule wala kitabu, kwa sababu aliyekisema alikuwa mbele yao. Chagua lugha mbili, ziwe na walimu, uachane na orodha ya lugha sita kwenye kipeperushi.

Sasa ule ufunguo wa tatu. Shule nyingi za aina hii ni shule mbili zilizopangishwa jengo moja: kompyuta huku, lugha kule, zinakutana paredi tu. Ziunganishe. Wakalishe wanafunzi wawili kwenye mashine moja yenye maikrofoni ya bei ya chini. Mmoja ni dereva wa lori, mwingine ni afisa wa forodha. Wazungumze dakika mbili kwa Kifaransa, wajirekodi, wasikilize, wafute, warudie. Mtoto anayeona haya kusema mbele ya darasa husema mbele ya maikrofoni, na akijisikia akiuma maneno hujirekebisha mwenyewe kabla mwalimu hajafika. Kipindi kinachofuata waandike kwa Python jaribio dogo: kompyuta itaje *camion* au *voiture*, mchezaji achague *le* au *la*, alama zihesabiwe. Wataipata. Mtoto aliyekulia kwenye ngeli za Kiswahili hatishwi na jinsia mbili. Wa Kichina waandike sauti kwa herufi za Kilatini, mashine iwaletee alama za kuchagua. Wa Kiarabu waigeuze programu ianzie kulia. Hapo mwanafunzi wa lugha ameshika kompyuta na mwanafunzi wa kompyuta amefungua kinywa, na mshahara ni wa walimu walewale wawili.

Mitihani ya taifa itakuja na maandishi yake, watayarishe watoto kwayo kwa bidii. Lakini ongeza mtihani wako wa mdomo kila muhula. Vituo vya Kifaransa vya Alliance Française viko Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa. Waulize kuhusu DELF, cheti cha Kifaransa kinachopima kusikia na kusema pamoja na kusoma na kuandika. Kama uko mbali na miji hiyo, muombe mfanyabiashara wa Bujumbura au dereva wa Lubumbashi aje asubuhi moja, mpe chai na kiti, umlipe nauli. Azungumze na kila mwanafunzi kwa kasi anayozungumza kwao. Mwanafunzi asiyeelewa amuombe kwa Kifaransa arudie taratibu, na ombi hilo lipewe alama kamili.