Nyumba Yenye Karani wa Usiku

Zamani taa ya sebuleni kwetu ilikuwa na swichi moja ukutani, na swichi hiyo haikuwahi kudai nakala ya akiba. Ikiharibika, anaitwa fundi na bisibisi yake, anabadilisha, anaandaliwa chai na chapati, anaondoka. Siku hizi taa hiyohiyo, pamoja na geti na pampu ya maji, vinaamriwa na kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi iliyofichwa nyuma ya televisheni, ikiendesha programu iitwayo Home Assistant. Programu yenyewe ni ya bure. Aliianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013, na kwa bahati mbaya habari zake zikamfikia shemeji yangu.

"Shem," aliniambia, "nyumba itakuwa inajifikiria yenyewe."

Inajifikiria kweli. Maji ya bomba yakija saa nane usiku pampu inajiwasha, simtanki likijaa inajizima. Hapo sina neno, maana kazi hiyo ilikuwa yangu, nikiifanya kwa kaptula na tochi huku mbu wakinisindikiza. Shida ni kwamba akili yote hiyo inakaa kwenye memori kadi yenye ukubwa wa ukucha, na programu inaiandikia kadi hiyo mchana kutwa na usiku kucha: geti limefunguka, geti limefungwa, joto la jikoni limepanda, limeshuka. Kadi za namna hii zina kikomo cha kuandikwa. Zikichoka, zimechoka. Tena umeme ukikatika katikati ya sentensi, faili linaweza kuharibika, na mtaani kwetu umeme haukosi sababu ya kukatika.

Basi shemeji akaandika skripti ya bakapu. Kila usiku skripti inaizima Home Assistant, inafunga mafaili yake yote kwenye faili moja la tar lenye jina la tarehe, inaiwasha tena, kisha inatuma mzigo kwa programu iitwayo rsync kwenye kompyuta ya zamani iliyo stoo. Niliuliza kwa nini lazima izimwe. Akasema hifadhidata ikinakiliwa huku inaandikwa, nakala inaweza kutoka mbovu. Sawa, lakini dakika hizo nyumba inarudi ujinga kabisa. Taa ya korido inayowaka ukipita haiwaki, na mwenye safari ya chooni anakutana na kona ya kabati kwa kidole gumba cha mguu. Nilipendekeza turudishe swichi ukutani. Nikaambiwa huo ni ushamba.

Kupanga saa ya kazi hiyo kuna programu iitwayo cron, kongwe na isiyo na mzaha. Unaandika 3 ukimaanisha saa tisa usiku. Hilo nililikubali, kompyuta hazijawahi kufuata hesabu yetu ya saa. Nisilolikubali ni kwamba shemeji aliiacha Raspberry Pi na saa iliyotoka nayo kwao, yaani saa ya London. Kwa hiyo miezi ya mwanzo wa mwaka, saa tisa ya usiku ya huko ikawa saa kumi na mbili asubuhi ya hapa. Basi la shule linapiga honi nje, watoto wamebeba mabegi, na geti limekaa kimya kwa sababu bwana mkubwa anafunga mafaili. Tukazoea, tukawa tunatoka mapema kidogo. Mwishoni mwa Machi balaa likahamia saa kumi na moja alfajiri bila mtu kugusa chochote.

"Nani kabadilisha?" mama watoto akauliza.

"Serikali ya Uingereza," shemeji akajibu, na alikuwa anasema kweli. Wenzetu kule husogeza saa zao mbele msimu huo, na geti langu likasogea nao.

Saa yenyewe nayo ni mkasa. Raspberry Pi za kabla ya ile ya 5, iliyotoka mwaka 2023, hazina saa yenye betri ndani. Umeme ukirudi, kompyuta inaamka ikidhani bado ni wakati uleule ilipozimika, mpaka iulize mtandaoni. Kama bando la ruta limeisha, haina wa kumuuliza, na bakapu ya Ijumaa inabandikwa jina la Jumatano juu ya ile ya Jumatano. Toleo la 5 limewekewa saa, ila betri yake unanunua mwenyewe, kama kwamba sijatoa hela za kutosha.

Halafu kuna suala la alama ya asilimia, ambalo sitaki hata kulirefusha. Shemeji aliandika tarehe ndani ya mstari wa cron kwa alama ya %, na cron ikiiona alama hiyo inaihesabu kuwa mwisho wa mstari. Akiiendesha amri kwa mkono mbele yangu, inatii kama mtoto mbele ya mgeni. Akishaondoka, usiku haifanyi kitu. Mbaya zaidi, cron ikikwama hupeleka malalamiko kwa barua ndani ya kompyuta hiyohiyo, na kama hakuna programu ya barua, malalamiko yanatupwa. Kwa hiyo tulilala usingizi mzito tukiwa na bakapu ambayo haipo.

Nilipolalamika, shemeji akanipa hadithi ya kunifariji. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, fundi mmoja aliyekuwa kazini usiku alifuta hifadhidata kwenye kompyuta isiyo yenyewe. Karibu GB 300 zikayeyuka kabla hajaondoa kidole. Wakakimbilia bakapu. Wakakuta ile ya kila siku ilikuwa inashindwa kwa sababu ya matoleo ya programu yasiyolingana, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mtu kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Walieleza yote hadharani, jambo la heshima. Lakini wao ni kampuni yenye mafundi wa zamu. Mimi nina shemeji anayekuja Jumapili, pilau ikiwa tayari.

Hata hivyo kilichoniudhi hasa ni kwamba skripti hatimaye ilikaa sawa.

Home Assistant, usipoigusa mipangilio, hufuta historia ya kina iliyozidi siku 10. Nililijua hilo na nililipenda. Mtu akirudi kwenye kikao cha harusi kilichochelewa kufungwa, anajua kuwa baada ya muda geti litasahau, kama majirani wema. Skripti haina wema huo. Nakala za usiku zinafutwa baada ya wiki, lakini ile ya mwisho wa mwezi inabaki, na ndani yake zimo zile siku 10 nzima nzima, kila kufunguka kwa geti na saa yake. Mama watoto hajui cron wala rsync. Anajua kuuliza tu: "Jumamosi ile ya mshahara, geti lilifunguka saa ngapi?" Na shemeji, akiwa mezani kwangu, kijiko mkono mmoja, analifungua faili la tar kwa mkono mwingine na kusoma: saa tano na dakika arobaini usiku.

"Kikao kilikuwa na wajumbe wengi," nikasema.

"Wajumbe gani, na bibi harusi alikuwa hapa anasukwa nywele?"

Ningevumilia mambo yakiishia stoo. Lakini shemeji ni mtu wa kanuni, na kuna kanuni ya bakapu iitwayo 3-2-1, ambayo mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye anayetajwa kuipa umaarufu: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Maana nyumba inaweza kuungua, mwizi anaweza kubeba kompyuta zote. Nikakubali kwa kichwa bila kuuliza nje ni wapi. Nje ni kwa mama yake. Diski iko juu ya kabati la vyombo, kwa mama mkwe wangu, na mafaili hayana hata neno la siri, kwa kuwa shemeji anasema familia haifichani.

Jumapili mama mkwe alipiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za watoto, za kazi, za maji. Nikasema yote mema.

"Haya baba, Mungu ni mwema," akasema. "Eti siku hizi ofisini kwenu mnatoka saa tano usiku?"

Nikamwambia simsikii vizuri, mtandao unasumbua.