Tano Bora za Kumfungia Mtoto Mlango wa Darasa

Wamarekani kwa ubunifu hawajambo. Tazama jasho walilomwaga ili mtoto mweusi asikae dawati moja na Mzungu. Tunaanzia mkiani.

5. Gavana bawabu. Juni 11, 1963, George Wallace wa Alabama alisimama mwenyewe mlangoni mwa chuo kikuu cha jimbo lake, eti Vivian Malone na James Hood wasijiandikishe. Rais Kennedy akalichukua jeshi la jimbo, jenerali akaja, gavana akapisha. Mwaka 1996 taasisi ya familia ya Wallace ikamtunuku Vivian tuzo ya ujasiri. Si walikuwa mashahidi!

4. Kisima. Canterbury, Connecticut. Naam, Kaskazini, kwa wastaarabu. Mwaka 1833 Prudence Crandall, Mzungu, alifungua shule ya wasichana weusi. Kisima chake kikatiwa samadi, wenye maduka wakagoma kumuuzia, bunge likatunga sheria ya kumkomesha. 1834 genge likavunja madirisha usiku, shule ikafa. 1886 jimbo likampa pensheni ya dola 400 kwa mwaka. Fidia ya maji, labda.

3. Mwanafunzi wa kuchungulia. Mwaka 1948 mahakama ilikiamuru Chuo Kikuu cha Oklahoma kimpokee George McLaurin. Kikampokea, kikamweka chumba cha pembeni amsikilize mhadhiri kupitia mlangoni. Maktabani meza yake peke yake, mgahawani vilevile. Na alikuwa akisomea nini? Udaktari wa elimu. Mahakama ya Juu ikaukomesha mchezo huo 1950.

2. Wa kwanza na wa mwisho. New Orleans, Novemba 1960. Ruby Bridges, miaka sita, anasindikizwa shuleni na maofisa wa serikali kuu. Kelele za umati yeye alidhani ni Mardi Gras. Wazazi wa Kizungu wakawatoa watoto wao. Mwaka mzima darasa likawa na mwalimu mmoja, Barbara Henry, na mwanafunzi mmoja. Hata wa kumwazima kifutio hayupo.

1. Funga zote! Farmville, Virginia, 1951. Wanafunzi weusi wanasomea mabanda ya karatasi ya lami, utadhani ya kuku. Ukikaa karibu na jiko unaungua, ukikaa mbali huvui koti. Barbara Johns, miaka 16, akapanga mwalimu mkuu aitwe mjini kwa simu ya uongo, akaikusanya shule ukumbini, ikagoma. (Watoto, hapa msisome.) Kesi yao ikaunganishwa na nyingine zilizojulikana kama kesi ya Brown, na 1954 Mahakama ya Juu ikatangaza ubaguzi shuleni kuwa kinyume cha Katiba. Kaunti yao, Prince Edward, ikawaza, ikawazua, na 1959 ikafunga shule zake zote za umma. Wazungu wakajengewa shule binafsi. Weusi wengi, na Wazungu wachache waliokosa karo, wakabaki nyumbani. Hadi 1964 Mahakama ya Juu ilipoamuru zifunguliwe. Kuna waliofungiwa wakiwa na miaka sita, wakaja kukanyaga darasani wakiwa na kumi na moja, herufi A ikiwa bado inawasubiri ubaoni.