Bustani ya Kigeni Isiyo na Tiketi

Wenye pesa zao husafiri hadi Monaco kulipia tiketi ya bustani ya mimea ya kigeni, iliyofunguliwa mwaka 1933 juu ya jabali, bahari ya Mediterania ikiwa chini yake. Kwa mtu wa Bujumbura hiyo ni hasara tupu. Bustani ya namna hiyo ipo Mutanga Nord, haina dirisha la tiketi, na tofauti yake kubwa na ile ya Monaco ni kwamba mbwa wake hawajafungwa. Tazama nyua za mtaa mmoja tu. Bogenvilia imetoka Brazili, mjakaranda Bolivia na Argentina, mkrismasi Madagaska, mparachichi Meksiko na majirani zake, mwembe ni wa Asia. Hata mgomba, ambao Mrundi yeyote atakuapia kuwa ulizaliwa pamoja na babu yake, kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki. Ukiwafukuza wageni wote, ndani ya ua atabaki zamu na kiti chake cha plastiki, na kiti nacho kina maswali.

Mbishi atasema hapa hakuna bahari. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470 hivi; Burton na Speke walipolifikia mwaka 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiliita Bahari ya Ujiji, nao walikuwa watu waliokulia baharini. Mimi nitawasikiliza wao kabla ya mbishi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: bustani ya mimea ni mahali pa elimu, lazima iwe na vibao vya majina na wataalamu. Sawa. Kwenye bustani ya mimea ya Amani, kule Usambara, Wajerumani waliweka wataalamu tangu 1902, na bado mti mmoja wa kuletwa, msizi, ulitoroka ukajitwalia sehemu za msitu. Gugu maji nalo lilitolewa Amerika Kusini likasambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake; leo linaelea hadi kwenye ziwa letu na hakuna mvuvi anayelisifia ua. Kwa hiyo kibao hakizuii balaa. Mutanga Nord elimu hutolewa moja kwa moja. Embe likidondoka juu ya mabati saa nane za usiku, nyumba nzima inajua msimu umefika. Parachichi likitua kwenye kioo cha gari la mgeni, mgeni hatasahau tena mti ule una umbo gani. Na bogenvilia, ambayo mtaalamu wa mimea Commerson aliichukua Brazili mwaka 1767 akiwa na msaidizi wake Jeanne Baret, mwanamke aliyejifanya mwanamume ili apande meli, hujitambulisha kwa miiba: ukimpisha mwenye baiskeli kwenye njia nyembamba, shati linabaki ukutani. Maua yanaonekana kwa mbali, miiba huonekana kwenye bega.

Mwenyeji wa kweli katika nyua hizi ni mnyaa, ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani ya maana. Umezunguka nyumba za Afrika Mashariki miaka na miaka, hauhitaji maji, mbuzi hautaki, na mwizi anaujua, kwa sababu utomvu wake mweupe ukiingia jichoni mtu hutafuta hospitali kabla ya kutafuta televisheni. Ndio huo unaong'olewa ili ukuta wa matofali upande na bogenvilia itambae juu yake, mtaa uonekane wa kisasa. Huko Ulaya, wakati huohuo, mnyaa unauzwa madukani ndani ya chungu na kuwekwa sebuleni karibu na dirisha, mwenyewe akiwaonya wageni wasiuguse. Sidai kwamba bogenvilia ing'olewe; imekaa miaka mingi vya kutosha kupewa uraia. Ninachopinga ni kumfukuza mwenyeji ili kumpa nafasi mgeni anayechana mashati.

Basi jirani, kama una panga mkononi Jumamosi hii, acha walau mita mbili za mnyaa pale pembeni ya lango. Ukishindwa kabisa, usiuchome, moshi wake unawasha macho. Uweke kwenye chungu.