Faini Haipunguzwi Kama Ahadi

Hapa Issuna, Singida, hakuna anayelipa kitu kwa mkupuo. Sola iliyo juu ya bati inalipiwa kidogo kidogo kwa simu, na ukichelewa wanakuzimia taa wakiwa hukohuko waliko. Bati lenyewe lilipandishwa pisi mbili mbili. Mchango wa harusi unaahidi elfu hamsini mbele ya kamati, watu wanapiga makofi, kisha unapita kwa mweka hazina kadiri unavyopata: leo elfu kumi, wiki ijayo elfu tano, "nimekuja kupunguza ahadi." Mpaka alizeti ivunwe ndipo hela inaonekana ikiwa nzima, nayo ikifika inakuta madeni yamepanga foleni.

Kitu kimoja tu kimeukataa utaratibu huu: faini ya barabarani.

Nina kigari cha zamani ambacho ukoo mzima unakiita "gari letu", isipokuwa siku ya kubadilisha tairi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikiazima kwenda harusini Dodoma. Alikirudisha kimeoshwa, tena kina mafuta. Kwa anayemjua shemeji, hiyo ilitosha kabisa kuwa dalili mbaya. Siku chache baadaye kijana mmoja hapa kijijini akaingiza namba za gari kwenye tovuti ya trafiki, akanyamaza, halafu akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Tochi mbili, elfu thelathini kila moja. Ya kwanza alipigwa hapahapa Issuna, kwenye kibao cha 50 ambapo jioni hufunga mbuzi wake. Ya pili ni wakati wa kurudi. Karatasi za trafiki tulizikuta chini ya kiti, zimefungiwa karanga. Jina la shemeji halisomeki popote kwenye deni, kwa kuwa deni linaifuata namba ya gari. Juu yake ukaja ushuru wa maegesho. Kwetu unaegesha chini ya mti, na anayekuhamisha ni jua. Dodoma dada mwenye mashine alikuja akapiga picha namba za gari nje ya ukumbi. Shemeji anaapa kwamba alidhani ni mpiga picha wa harusi, akatabasamu.

Nikaenda kwa wakala na control number. Nikaandika elfu kumi, ikagoma. Nikaandika kumi na tano, ikagoma. Yule mama wa kibandani akaniangalia kwa huruma: "Baba, hii siyo ahadi ya harusi. Yenyewe inataka yote."

Hapo ndipo nilipojifunza wenzangu wanavyofanya. Wanakwenda kwa wale wakopeshaji wa kausha damu, wanachukua hela, wanailipa serikali siku hiyohiyo, kisha wanabaki na marejesho ya kila siku. Kwa maneno mengine faini inalipwa kwa awamu tangu zamani, ila awamu hizo, pamoja na riba yake, zinakwenda mfukoni kwa mtu mwingine. Serikali inapata elfu thelathini yake, na mwenye kausha damu anapata soda, nyama choma na kiwanja.

Tusiseme kwamba faini haigusiki. Hadi mwaka 2021 bodaboda alikuwa anatozwa elfu thelathini kwa kosa, sawasawa na mwenye basi. Kwenye bajeti ya Juni mwaka huo aliyekuwa Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, akapendekeza pikipiki na bajaji zishushiwe hadi elfu kumi, na zikashushiwa. Mwigulu ni mbunge wa Iramba Magharibi, wa hapahapa Singida, kwa hiyo siwezi kuambiwa kwamba Bungeni hakuna anayejua mtu wa huku anavyohesabu hela.

Wazungu nao wana mambo yao. Finland faini ya mwendo kasi uliozidi sana hupimwa kwa kipato. Mwaka 2002 bosi mmoja wa Nokia, Anssi Vanjoki, alitozwa euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kilomita 75 kwa saa palipo na kibao cha 50. Alikata rufaa, akapunguziwa sana. Utaratibu huo ukiletwa hapa, shemeji atadaiwa jogoo, na trafiki itabidi waje na tenga. Uingereza ndiko kunakonivutia zaidi: hakimu anaweza kukuruhusu ulipe faini kila wiki au kila mwezi, kulingana na uwezo wako, na dola yao haijaanguka.

Shemeji, tumpe haki yake, hajakataa deni nililomlipia. Alileta elfu nne mnada wa kwanza, elfu mbili wa pili, na wa tatu akaleta kuku mtetea aliyemthamini mwenyewe, kwa bei ya Dar es Salaam. Mke wangu anaandika yote kwenye daftari la kikoba. Kwa mwendo huu atamaliza wakati wa mavuno, nami nitakuwa nimelipwa bila kumfukuza mtu wala kukamata gari.

Basi waheshimiwa wabunge, Dodoma si mbali na Issuna, na barabara ni lami. Ruhusuni control number ya faini ipokee elfu tano tano, hata mkiweka muda wa miezi mitatu. Kuku mtakataa, hilo naelewa.